Muulize Samaki Kwanza, Ndipo Upange Safari

Leo nakupeleka mbali kidogo. Tunapanga safari ya kuvua trauti kwenye vijito vya milimani wakati wa mapukutiko, yale majira ya nchi za kaskazini ambapo miti hubadili rangi na kumwaga majani kabla ya baridi kuingia. Mahali penyewe ni Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, nchini Marekani, katika safu ya milima ya Appalachia, pale majimbo ya Tennessee na North Carolina yanapopakana.

Kwa nini huko? Wako ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, waliofanya maskani katika mji wa Knoxville, na kutoka hapo hadi hifadhini ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Mazungumzo haya ni yao kwanza. Lakini nawe uliye Nyeri au Kiganjo usizime redio, maana samaki huyu unamfahamu, na mkasa uliompata kule una ndugu yake kwenye mito ya kwenu.

Nianze na hukumu yangu kabisa. Wengi huipanga safari hii kichwa chini miguu juu. Huanza na picha za majani mekundu na ya dhahabu, wakatafuta wikendi ambayo milima itakuwa imewaka rangi, wakalipia hoteli, wakanunua vifaa, na mwisho wa yote ndipo wanauliza kama samaki watakula. Mimi nasema safari ya kuvua ianzie kwa samaki. Jua anaishi wapi, maji yake yako katika hali gani, na mwezi huo ana shughuli gani. Ukishayajua hayo, tarehe, mahali na vifaa vitajipanga vyenyewe.

Basi tumjue. Trauti ni samaki wa maji baridi. Hustarehe maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 18 hivi za Selsiasi. Yakipita 20 huanza kutaabika, kwa kuwa maji yakipata joto oksijeni hupungua. Ndiyo maana katikati ya kiangazi mito ya mabondeni huwa si mahali pa kumsumbua: ukimnasa akapigana na mshipi kwenye maji ya moto, hata ukimwachia anaweza kufa. Mapukutiko yanapoingia, usiku hupoa, maji nayo hupoa, na samaki aliyejificha kwenye vina na chini ya maporomoko hutoka kutafuta chakula kabla ya majira ya baridi. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kwenda milimani kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Novemba. Rangi za majani ni nyongeza tu.

Ndani ya hifadhi wamo trauti wa aina tatu, na safari nzima inategemea kuwatofautisha. Wa kwanza ni yule ambaye Wamarekani humwita brook. Ana mistari iliyopindapinda mgongoni, madoa mekundu yaliyozungukwa na samawati ubavuni, na mapezi ya tumboni yenye ukingo mweupe. Ni mdogo, mara chache huzidi sentimita 25, lakini huyu ndiye mwenyeji. Kati ya hawa watatu ni yeye peke yake aliyeikuta milima hii bila kuletwa na mtu. Wa pili ni rainbow, trauti wa upinde wa mvua, mwenye utepe wa waridi ubavuni. Huyu aliletwa kutoka upande wa magharibi wa Marekani. Wa tatu ni brown, trauti wa kahawia, ambaye asili yake ni Ulaya. Katika mto kama Little River, brown mkongwe anaweza kupita nusu mita, naye ni mjanja kiasi kwamba wavuvi wengi huishia kusimuliwa tu habari zake.

Rainbow alifikaje huko? Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni za mbao ziliingia kwenye milima hii na reli zao na misumeno. Miti iliangushwa hadi kwenye kingo za mito. Kivuli kikaondoka, udongo ukaporomokea majini, maji yakapata joto na tope. Trauti mwenyeji akatoweka mabondeni, akabaki kwenye vijito vya juu ambako msumeno haukufika. Ili wavuvi wasikose cha kuvua, mito ikajazwa rainbow. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1934, na kwa miaka mingi iliyofuata misitu ikaota upya na kivuli kikarudi. Lakini mwenyeji hakuweza kushuka tena, kwa sababu nyumba yake ilikuwa imeshakaliwa. Kwa makadirio ya watunzaji wa hifadhi, alipoteza kama robo tatu ya maeneo aliyokuwa akiishi.

Katikati ya miaka ya 1970 hifadhi iliacha kupandikiza samaki, na ikapiga marufuku kumvua brook. Marufuku hiyo ilidumu takriban miaka 30, ikaondolewa mwaka 2006 baada ya watafiti kuona kwamba mvuvi anayefuata sheria hapunguzi idadi ya samaki hao. Wakati huohuo kazi ya kumrudishia mwenyeji makazi yake ikaendelea. Huchaguliwa kijito chenye maporomoko ambayo samaki hawezi kuyapanda, wageni wote walio juu ya maporomoko huondolewa, kisha mwenyeji hurudishwa. Kijito cha Lynn Camp Prong, upande wa Tennessee, kilianza kusafishwa hivyo mwaka 2008 na kufunguliwa kwa wavuvi mwaka 2015. Leo unaweza kusimama pale ukavua brook mahali ambapo kwa miongo mingi alikuwa hayupo.

Hapa ndipo Nyeri inapoingia. Mwaka 1905, mlowezi aliyeitwa Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland, yakaingizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, yaani Nyandarua. Rainbow naye alifuata baadaye. Mwaka 1948 kituo cha kuzalisha trauti kikaanzishwa Kiganjo, na mito ya Mlima Kenya ikaendelea kupata vifaranga kutoka hapo. Mito yetu haikuwa na trauti wa asili wa kufukuzwa. Hata hivyo, fikra iliyotembea Nyandarua na Tennessee katika miaka ileile ilikuwa moja: mto ni wa mvuvi, atie humo samaki ampendaye. Wamarekani wametumia miongo mingi kuirekebisha fikra hiyo kijito kwa kijito, na bado hawajamaliza.

Turudi kwenye mpango wetu, tuangalie kalenda ya samaki. Brook na brown hutaga wakati wa mapukutiko, kuanzia Oktoba na kuendelea. Jike huchagua mahali penye changarawe na maji yanayotembea, hulala ubavu, hupiga mkia hadi changarawe ifukuke, hutaga, kisha hufukia. Mayai hubaki humo majira yote ya baridi. Ukiwa mtoni utapatambua mahali hapo: ni duara la changarawe nyeupe iliyosafishika, upana wake kama sinia la pilau, katikati ya mawe yaliyovaa ukoga. Usipakanyage. Hatua moja ya kiatu inaweza kusaga uzao wa mwaka mzima. Na ukiwaona samaki wawili wamesimama juu ya changarawe hiyo, wapite. Watanasa kirahisi, ni kweli, lakini huo si ustadi.

Rainbow yeye hutaga majira ya kuchipua. Oktoba hana harusi wala matanga. Kazi yake ni kula. Ndiye mwingi zaidi katika mito ya kati ya hifadhi, na ndiye aliyemsukuma mwenyeji juu. Kwa hiyo, ukimuuliza samaki, jibu linakuja wazi: safari ya mapukutiko ilenge rainbow, katika mito ya kimo cha kati, na brook umtembelee mapema, Septemba, kabla hajaanza kutaga.

Sasa tarehe. Milima hii inapanda kutoka mabonde yasiyofika mita 300 juu ya usawa wa bahari hadi kilele cha Kuwohi, mita 2,025, ambacho hadi mwaka 2024 ramani zilikiita Clingmans Dome kabla ya jina la Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, kurejeshwa. Rangi za majani huanzia juu na kuteremka, na mabonde hufikiwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Maji nayo hupoa kwa mpango huohuo. Mwishoni mwa Septemba vua juu, katikati ya Oktoba vua kati, Novemba shuka bondeni. Lakini kumbuka kwamba hifadhi hii ilipokea zaidi ya watu milioni 12 mwaka 2024, nayo Oktoba ni kati ya miezi inayofurika. Barabara ya Cades Cove hujaa magari yanayosogea kwa mwendo wa konokono. Chagua siku za kazi, fika alfajiri, na usiweke tarehe kwenye kilele cha rangi. Siku ambazo majani yanamwagika kwa wingi, kila ukitupa mshipi unavuta jani.

Kisha maji. Mapukutiko ni majira ya ukame kwenye milima hii. Mito hupungua na kuwa myeupe kama kioo, na samaki hukuona kabla hujamwona. Trauti husimama akielekeza kichwa juu ya mkondo, kule chakula kinakotokea. Basi mjie kwa nyuma, ukipanda kutoka chini. Vaa rangi za msituni, inama, usitupe kivuli chako juu ya maji. Kwa upande mwingine, haya ndiyo majira ambayo masalia ya vimbunga kutoka baharini hufika bara. Mwishoni mwa Septemba 2024, Kimbunga Helene kilibomoa barabara na madaraja magharibi mwa North Carolina, na sehemu ya barabara kuu ya I-40 ikaporomokea mtoni. Aliyekuwa amelipia hoteli bila mpango wa pili alibaki na risiti. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, tazama mambo mawili: taarifa za hifadhi kuhusu barabara zilizofungwa, na kipimo cha maji cha Little River karibu na Townsend, ambacho idara ya jiolojia ya Marekani hukitangaza kwenye intaneti saa zote. Mto ukiwa umejaa na maji yamekuwa ya kahawia, baki nyumbani.

Vifaa nimeviacha nyuma makusudi, maana duka litakuuzia vingi kuliko unavyohitaji. Mvuvi wa mshipi wa Pemba au Kilwa hutupa chubwi, na uzito wa chubwi ndio unaopeleka ndoana mbali. Uvuvi wa nzi bandia hauna chubwi. Nzi huyo ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana ndogo, hana uzito wowote wa maana. Kinachomsafirisha ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, unaorushwa nyuma na mbele kwa fimbo inayopinda, na mwishoni una uzi mwembamba usioonekana majini. Vijito hivi vimefunikwa na vichaka, hivyo fimbo fupi ya futi 7 au 8, ya daraja la 3 au la 4, inatosha. Hadi baridi kali ianguke, nzi wanaofanana na sisimizi, mbawakawa na panzi hufanya kazi nzuri, kwa sababu ndio wadudu wanaodondoka kutoka vichakani. Siku ya mawingu jaribu nzi wadogo wa kijani cha zeituni. Uzi uwe mwembamba, na hatua zako ziwe chache.

Nakuja kwenye sheria, na hapa nakuomba utege sikio, kwa sababu faini ya hifadhi ya taifa haina mjomba. Ndani ya hifadhi, chambo cha kweli hakiruhusiwi: hakuna minyoo, hakuna mahindi, hakuna mkate. Ni nzi bandia au chambo bandia chenye ndoana moja tu. Nzi wawili kwenye uzi mmoja wanaruhusiwa. Trauti unaoweza kuondoka nao kwa siku ni 5 kwa jumla, na kila mmoja awe na urefu usiopungua inchi 7, yaani sentimita 18 hivi. Muda wa kuvua ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Leseni ya Tennessee au ya North Carolina, yoyote kati ya hizo, inakubaliwa hifadhi nzima. Upande wa Tennessee inahitajika kuanzia umri wa miaka 13, upande wa North Carolina kuanzia 16. Ukitoka nje ya mpaka ukaingia ardhi ya Wacherokee wa Mashariki au mji wa Gatlinburg, huko kuna vibali vyao, na leseni ya jimbo peke yake haitakuokoa.

Kiingilio cha hifadhi hakuna, lakini tangu Machi 2023 gari linaloegeshwa zaidi ya dakika 15 linahitaji kibandiko: dola 5 kwa siku, 15 kwa wiki, 40 kwa mwaka. Na usihamishe mawe mtoni, hata kwa kumchezesha mtoto. Ni kosa kisheria, na chini ya mawe hayo wanaishi wanyama wa jamii ya salamanda, ambao milima hii inao kwa aina zipatazo 30.

Neno moja la usalama. Mawe ya vijito hivi yanateleza vibaya, na maji ya Novemba yanaweza kukugandisha viungo kwa dakika chache. Chukua fimbo ya kutembelea na nguo kavu za akiba. Simu haishiki mtandao katika sehemu kubwa ya hifadhi, kwa hiyo mwachie mtu jina la mto na saa ya kurudi. Wapo dubu weusi, na wapo elki, paa wakubwa wa kaskazini waliorudishwa hapa mwaka 2001. Septemba na Oktoba ndipo madume yao hupigania majike, na hupenda malisho yaliyo kando ya mto Oconaluftee na bonde la Cataloochee. Sheria inakutaka ukae mbali nao yadi 50, karibu mita 46. Usibishane na dume la elki kuhusu nani mwenye mto.

Utaniuliza: mwalimu, niende wapi hasa? Kwa anayeanza, nasema Little River upande wa Tennessee, kwa sababu barabara inaufuata mto na ukichoka gari li karibu. Mwenye uzoefu kidogo aende Deep Creek, karibu na Bryson City, atembee kwa miguu apate utulivu. Hazel Creek ni ya wenye siku kadhaa na hema, kwani wengi huifikia kwa boti kuvuka ziwa la Fontana. Na tarehe? Wiki ya kwanza ya Oktoba, Jumanne hadi Alhamisi. Ukikosa hiyo, wiki ya pili ya Novemba, majani yakiwa yameshamwagika na watalii wameshakwenda zao.

Kwa wale wa Nyandarua na Mlima Kenya, hamna mapukutiko, lakini mna masika na vuli, na kanuni ni ileile: acheni mafuriko yapite, maji yatakate, ndipo mwende. Ulizeni ofisi ya uvuvi na walinzi wa hifadhi kuhusu vibali kabla ya kukanyaga mtoni, na kwa heri yenu ulizeni pia nyati na ndovu wameonekana wapi.

Nina ombi moja kwa kila atakayekwenda, kule au huku. Msimbebe samaki wala mayai yake kutoka mto mmoja kwenda mwingine, hata kwa nia njema. Osheni na kukausha viatu na nyavu zenu kabla ya kuhamia mto wa pili. Kuharibu kijito ni kazi ya siku moja. Kule Lynn Camp Prong, kukirudisha kulichukua miaka 7 ya kazi ya wataalamu. Kata leseni yako, pima maji, na upange safari yako kwa kumfuata samaki.